Wavu Usio na Taa

Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini zilipitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika Julai 1977. Kifungu chake cha kwanza kinataja mahali zinapotumika: bahari kuu, pamoja na maji yote yaliyoungana nayo ambayo meli za baharini zaweza kuyapita. Ziwa Tanganyika halimo. Maji yake hutoka kwa mto Lukuga, yakaingia Lualaba na hatimaye yakawa mto Kongo, lakini hakuna meli iliyowahi kuyapanda maporomoko ya Kongo ikafika Bujumbura. Chombo chochote kikubwa kinachoelea humu kililetwa vipande vipande, au kiliundwa papa hapa kando ya maji. Nahodha anayetoka Mpulungu, upande wa Zambia, na shehena ya sukari au saruji huingia usiku kwenye maji yaliyojaa nyavu, na sheria ya bahari haimlazimishi mvuvi wa huku kuwasha taa yoyote.

Nchi nne zinazopakana na ziwa hili, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zina uhuru wa kuzichukua kanuni hizo na kuzitumia, na manahodha wengi wamezisomea. Hata hivyo, kilicholinda nyavu na meli katika ncha hii ya kaskazini kwa zaidi ya nusu karne hakikutoka katika kitabu chochote cha sheria. Ilikuwa ni taa ya kuvutia samaki.

Samaki mwenyewe anaitwa ndagala kwa Warundi, dagaa kwa watu wa Kigoma, kapenta kwa Wazambia. Ni mdogo na mng'avu kama fedha, na mchana hukaa kwenye kina. Jua likizama hupanda juu akifuata vijidudu vya majini anavyokula, na akiona mwanga hukusanyika. Wakazi wa mwambao waliijua tabia hiyo kabla mgeni yeyote hajafika na daftari. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji, Februari 1858, na walipopanda hadi Uvira mwezi Aprili mwaka huohuo, walisafiri katika mitumbwi ya magogo ya kuchonga. Mitumbwi ya namna hiyo ndiyo iliyovulia. Moto wa kuni uliwashwa kwenye gubeti, mtu mmoja akapiga kasia polepole, mwingine akasimama na lusenga, wavu wa mfuko uliofungwa kwenye mpini mrefu, akateka ndagala kwenye mwanga na kuwamimina ndani.

Katika uvuvi huo wavu hautoki mkononi. Palipo na wavu pana mtu, na palipo na mtu pana moto unaoonekana kutoka mbali. Hakukuwa na haja ya boya wala bendera. Tena hakukuwa na wa kuonywa: chombo cha kasi zaidi kwenye ziwa zima kilikuwa mtumbwi mwingine. Livingstone na Stanley walipokuja kwa mtumbwi kutoka Ujiji, Novemba 1871, kuthibitisha kwamba mto Rusizi huingia ziwani wala hautoki humo, hakuna wavu waliouhatarisha.

Wajerumani nao walikuja na chuma. Walijenga kituo cha kijeshi Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, mwishoni mwa miaka ya 1890, na vita kuu ya kwanza ilipoanza walikuwa na meli kubwa njiani. Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungashwa katika makasha 5,000 hivi, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, na ikashushwa majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na kuanzia 1927 ilisafiri kwa jina la Liemba. Upande wa kaskazini Wabelgiji walikuwa wamekwisha kuichukua Usumbura. Mkataba wa Machi 1921 uliwapa eneo la bandari Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, na mizigo ya Ruanda-Urundi ikawa inashushwa kwenye treni Kigoma na kupakiwa melini kwenda Usumbura. Kwa mara ya kwanza kukawa na njia ya meli inayopitwa mwaka mzima, usiku na mchana, juu ya maji yaleyale ya ndagala. Lakini mvuvi bado alikuwa na lusenga yake na moto wake, na katika miaka hiyo mwenye kuogopa alikuwa mwenye mtumbwi.

Mabadiliko makubwa yalikuja miaka ya 1950, na yalikuja yote kwa pamoja. La kwanza ni karabai. Taa hii ya mafuta ya taa yenye pampu na kifuko cheupe kinachong'aa iliwaondolea wavuvi adha ya kuni, ikatoa mwanga ambao mwenge usingeweza kuufikia. La pili ni nailoni, iliyofanya wavu uwe mwepesi, mrefu na usiooza. La tatu ni Wagiriki. Usumbura ilikuwa na jamii yao ya wafanyabiashara, na kati yao walikuwapo waliozijua mbinu za kuvua dagaa wa bahari yao kwa taa. Katikati ya muongo huo walianza kuvua na meli za chuma, kila moja ikifuatana na mashua ndogo kadhaa za taa. Mashua hizo hutawanyika na kusubiri hadi samaki wakusanyike. Kisha meli huzungusha wavu mrefu kama ukuta, huvuta kamba ya chini ikaufunga kama mdomo wa mfuko, na kuanza kupakia. Baharini meli ya namna hiyo huruhusiwa kuwasha taa mbili za manjano, moja juu ya nyingine, zinazopokezana kumulika kila sekunde, ili wengine wajue kwamba haiwezi kugeuka kwa sababu ya wavu wake. Usumbura duara la karabai lenyewe lilitosha kusema hivyo.

Wavuvi wadogo nao walipata chao. Mashua mbili au tatu ziliunganishwa kwa miti ikawa katamarani, na katikati yake ukateremshwa wavu wa mraba hadi kwenye kina cha makumi ya mita. Karabai zilining'inizwa juu ya maji, na watu wakasubiri kwa saa kadhaa kabla ya kuuvuta wavu juu kwa pamoja. Katika miaka ya 1980 katamarani zilikuzwa zaidi, zikatiwa mashine na nyavu kubwa, watu wakaziita Apollo. Kubwa au ndogo, katamarani ikishateremsha wavu haina uwezo wa kukwepa chochote. Inachukuliwa na mkondo na upepo, kwa kuwa nje ya mwambao hakuna pa kutia nanga. Ziwa hili lina kina cha juu cha mita 1,470, na hata robo tu ya kina hicho humshinda mvuvi yeyote kwa kamba. Atakayekwepa ni meli.

Na meli ilikwepa, maana iliona. Nahodha aliyekuwa akiingia Bujumbura alihesabu taa, akatafuta upenyo kati ya kundi na kundi, akapita. Utaratibu huo ulikuwa na uzuri ambao sidhani kama kuna aliyeupanga. Mwezi unapokaribia kuwa mpevu, mwanga wa karabai hauvuti tena samaki, kwa sababu ziwa zima limeangaza. Wavuvi wa ndagala hupumzika siku kadhaa, hushona nyavu na kukarabati mashua. Kwa hiyo taa zilipotoweka ziwani, nyavu nazo zilitoweka. Nahodha asiyeona taa alikuwa na haki ya kuamini kwamba maji yaliyo mbele yake ni matupu.

Imani hiyo ilivunjwa na makila.

Makila ni nyavu za kunasa. Mvuvi anayetaka mukeke au sangala huziunganisha vipande vingi, huzitega jioni, na mara nyingi huzirudia alfajiri. Ukuta wa nailoni huning'inia chini ya vilezo, na vilezo vyenyewe ni vipande vya ndala, chupa za plastiki, na dumu la rangi ya njano kila ncha. Hakuna taa, kwa sababu mukeke hanaswi na taa katika wavu huu; ananaswa kwa kutouona. Kitu kinachomwonya baharia ndicho kinachomwonya samaki, mvuvi husema, na ana sababu, ingawa taa ndogo juu ya dumu la mwisho ni kitu kingine kabisa na taa ya kumulika wavu wote. Juu ya hayo, makila hazikai pale zilipotegwa. Zinaelea. Upepo wa kusini wa miezi ya Mei hadi Agosti huweza kuzisogeza usiku kucha hadi kwenye njia ya meli, na mwenyewe akaja asubuhi kuzitafuta kwa kukisia.

Meli kubwa ikiupita wavu kama huo mara nyingi huukata tu, na nahodha hata hajui. Hasara ni ya mvuvi, ambaye huenda bado anadaiwa bei ya nyuzi. Balaa ni kwa boti za mbao zenye mashine ya kubandika nyuma, zile zinazobeba abiria na mizigo kati ya Bujumbura, Uvira na Baraka au kuteremka Rumonge na Nyanza-Lac. Kamba ya wavu hujizungusha kwenye propela kwa nukta chache. Nailoni hupata joto la msuguano, ikalainika, ikashikamana na chuma. Mashine huzimika au pini ya propela hukatika. Boti iliyopoteza mwendo hugeuka ubavu kwa mawimbi. Ikiwa imejaa kupita kiasi, kama zilivyo nyingi, abiria husimama kuangalia kuna nini nyuma, na hapo ndipo inapopinduka. Kisu kikali cha kukatia kamba na taulo la kumfunga kiunoni kijana atakayezama kukata ndivyo vifaa vya usalama vya safari hizo, ukiongeza na sala.

Huko baharini suala hili lilikuwa limekwisha kuwaumiza watu vichwa siku nyingi. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1882 kuhusu uvuvi wa Bahari ya Kaskazini uliagiza kwamba maboya na mapipa ya nyavu yaandikwe herufi na namba zilezile za chombo cha mwenye nyavu. Mwaka 1967, mjini London, mataifa ya Atlantiki ya Kaskazini yalikubaliana jinsi ncha za nyavu na mishipi iliyoachwa majini zitakavyoonyeshwa, kwa bendera mchana na kwa taa usiku. Kanuni za 1972 nazo zina mengi juu ya chombo kinachovua: taa nyekundu juu ya nyeupe kwa asiyekokota jarifa, na ikiwa zana zake zimetanda zaidi ya mita 150 kutoka ubavuni, taa nyeupe nyingine upande zilikotanda. Chombo hicho hupishwa na meli ya mashine. Lakini tazama vizuri: kinachopishwa ni chombo. Wavu ulioachwa peke yake, mwenyewe akiwa amelala nyumbani, si chombo, na kanuni za migongano haziujui. Ndiyo maana alama za nyavu kote duniani zimewekwa na sheria za uvuvi, wala si sheria za usafiri, na ndiyo maana mahali ambapo ofisi hizo mbili haziongei, wavu huanguka katikati.

Bujumbura haikuwa na muda wa kuyafikiria hayo, kwa kuwa vita viliingia. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, ziwa likawa mpaka unaolindwa na askari, na uvuvi wa usiku ulizuiwa kwa vipindi. Julai 1996 Pierre Buyoya alichukua madaraka kwa mapinduzi, na majirani wakaiwekea Burundi vikwazo vilivyodumu hadi Januari 1999. Meli za kampuni za uvuvi, ambazo tayari zilikuwa zinapata hasara kadiri ndagala walivyopungua, zilitoweka upande huu. Baadhi zilihamia kusini, Mpulungu. Duara za karabai za Wagiriki zikaisha. Mvuvi aliyethubutu kutoka usiku alifanya hivyo bila taa, na kwa wavu usiohitaji taa. Wakati huohuo ziwa lilibeba watu wengi kuliko wakati wowote: mwaka 1997 Liemba ilirudisha Kongo zaidi ya wakimbizi 75,000, na Mei 2015 ilienda tena Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho jirani kabisa na mpaka wa Burundi, ambako makumi ya maelfu ya wakimbizi Warundi walikuwa wamekwama ufukweni. Kagunga haina gati. Boti za wavuvi ndizo zilizowabeba watu hao hadi kwenye meli iliyosimama nje.

Amani ilipokuja ziwa lilijaa. Hesabu iliyofanywa na nchi zote nne mwaka 1995 ilipata wavuvi karibu 45,000. Ile ya 2011 ilipata zaidi ya 90,000. Samaki hawakuongezeka mara mbili. Walioongezeka ni wenye nyavu, na kila mmoja akaenda mbali kidogo zaidi na kutega ndefu kidogo zaidi. Karabai zimetoa nafasi kwa taa za betri na za jua, ambazo hazizimwi na upepo wala hazihitaji mafuta, jambo kubwa katika nchi ambayo tangu 2021 imehangaika na foleni za petroli. Kwa katamarani ni nafuu tupu. Kwa nahodha ni nusu nafuu: taa za ndagala sasa ni nyingi hata zinamfanya asione kilicho gizani kati yao.

Mkataba wa usimamizi wa ziwa ulitiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na ukaunda Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Bujumbura. Maneno yake mengi ni juu ya uchafuzi, samaki na viumbe wasiopatikana kwingine. Nchi hizo zimekubaliana pia kufunga uvuvi kwa miezi mitatu; Tanzania ilitekeleza hilo kati ya 15 Mei na 15 Agosti 2024. Kwa upande wake, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikuwa kwa miaka mingi likitafuta namna ya kupunguza nyavu zinazopotea na kuendelea kuua samaki bila mwenyewe. Wataalamu walikutana Victoria, Kanada, mwaka 1991; Kanuni za Uvuvi Wenye Kuwajibika za mwaka 1995 zikataka zana ziwe na alama ya mwenye mali; na Julai 2018 kamati ya uvuvi ya shirika hilo ikapitisha mwongozo wa hiari juu ya alama za zana. Mwongozo huo unatofautisha mambo mawili ambayo huku kwetu huchanganywa: alama inayosema wavu ni wa nani, na alama inayosema wavu uko wapi. Unakubali pia kwamba mvuvi mdogo asitwishwe gharama asizoziweza.

Nimesikia pingamizi moja lenye uzito. Mwizi naye ana macho. Nyavu na mashine huibwa ziwani, na mvuvi anayewasha taa juu ya dumu lake anamwelekeza mwizi pia. Namba humsaidia kidogo, kwa kuwa wavu wenye namba ni mgumu kuuzwa, lakini taa haimsaidii hata kidogo mpaka doria iwepo. Wanaoandika kanuni mezani bila kulijibu hilo watapata karatasi nzuri na ziwa lilelile.

Ziwa Victoria lilipata sheria yake ya usafiri, iliyopitishwa na Bunge la Afrika Mashariki mwaka 2007. Njia hiyo haiwezi kunakiliwa hivihivi Tanganyika, kwa sababu Zambia si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo mzigo unaiangukia Mamlaka ya Ziwa, ambayo nchi zote nne zimo ndani yake na ofisi yake iko mjini hapa. Haihitaji kuanza na ziwa zima la kilomita zaidi ya 600. Ianze na njia tatu: ile ya kutoka Kigoma, ile ya kutoka Mpulungu na ile ya Uvira, kilomita za mwisho kabla ya bandari ya Bujumbura. Izichore kwenye ramani, izitangaze kwenye kila mwalo kuanzia Kajaga hadi Nyanza-Lac kwa Kirundi na kwa Kiswahili, na iwakataze watu kutega makila humo usiku. Nje ya njia hizo, kila wavu unaoachwa peke yake uwe na dumu lililoandikwa namba ya mashua kila ncha, bendera juu ya mti, na taa moja ndogo ya jua inayomulika. Doria za majini za nchi hizo zilinde nyavu zenye namba kama zinavyokamata nyavu haramu. Na mawaziri wa uvuvi watakapokutana tena, wawaalike wenzao wa uchukuzi wakae meza moja.